Mwalimu wa Moto Aliyeogopa Kiberiti

Mwalimu hakuwahi kukaa. Sisemi kwamba alikuwa mama wa shughuli nyingi, ingawa hilo pia ni kweli. Nasema kiti kilimshinda. Ofisini kwake, katika idara yetu ya chuo hapa Kakamega, kiti chake kilijaa mafaili, mwavuli, gambuti za kuendea mashambani, na mara nyingi mkungu wa ndizi aliopewa na mtu huko Malava. Yeye alisoma amesimama, akala amesimama, akafundisha akitembea mpaka wanafunzi wa mstari wa mbele wakaumwa shingo. Ukienda kumwuliza jambo, mlizungumza mkiizunguka meza, yeye mbele na wewe nyuma, kama watu wawili wanaotafuta kitu kilichoanguka. Mimi nimekuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake kwa miaka mingi, na magoti yangu yanajua.

Kazi yake ilikuwa moto. Hakuuzima wala hakuuwasha. Alikuwa akiifundisha kompyuta namna moto unavyokwenda. Kuna programu kubwa, sisi tunaiita modeli, inayojaribu kuiga ardhi ya dunia yote: mvua inavyonyesha, majani yanavyoota, udongo unavyoshika maji, moshi unavyoondoka na mali ya msitu. Dunia imekatwakatwa miraba. Katika kila mraba, kila siku, kompyuta inajiuliza mambo matatu. Je, kuna cha kuungua? Je, kimekauka? Je, kuna cheche? Mawili ya kwanza inayajua vizuri, kwa sababu ni habari za mvua na majani. La tatu ndilo lililomla Mwalimu maisha yake. Kwa modeli, cheche hutoka kwa radi au kwa watu, na watu wenyewe ni hesabu ya vichwa. Wakiwa wachache, cheche ni chache. Wakiongezeka, zinaongezeka. Wakijaa sana, modeli inadhani watauzima moto kabla haujafika mbali, basi mraba unahesabiwa kuwa salama.

Na sisi tumejaa. Kutoka mjini hadi Malava huwezi kurusha jiwe lisiangukie boma la mtu. Kwa hiyo modeli, ikiutazama mraba wetu, ilisema hapa hakuna moto wa maana. Isitoshe, iliuchukua msitu wa Kakamega, miwa ya upande wa Kabras kule Malava, mahindi na mikaratusi ya watu, ikavikoroga pamoja kama uji, ikapata mmea mmoja mbichi ambao hakuna aliyewahi kuuona. Wakati huohuo, kila kiangazi tunaanua nguo kwenye kamba zikiwa na masizi ya miwa. Mwalimu aliingia ofisini na sizi jeusi begani, akaiendea skrini moja kwa moja na kuiuliza, "Na hii imetoka wapi? Mbinguni?" Skrini haikujibu, na hilo lilimkera zaidi.

"Mtu si radi," alikuwa akisema. "Radi haina sababu. Mtu ako na sababu." Aliyasema hayo darasani, mikutanoni, kantini akiwa na chapati mdomoni, na mara moja kanisani alipoombwa atoe neno fupi la shukrani. Wanafunzi walimwigiza nyuma ya mgongo wake, wakitembea huku na huku na kidole juu. Alijua. Aliwahi kumkuta mmoja katikati ya mchezo, akamwambia kidole chake kiko chini mno.

Jinsi alivyofikia kipande chake cha programu, kile ambacho habari hii yote inakihusu, ni hivi. Satelaiti ikipita juu inaona joto, na joto hilo linatufikia kama nukta nyekundu kwenye ramani. Mwalimu alizipanga nukta za Kabras kando ya siku za ukame akitarajia zitakwenda pamoja. Hazikwenda. Palikuwa na wiki kavu kabisa bila nukta hata moja, na wiki ambayo mvua imenyesha juzi tu, nukta zimetapakaa. Alizunguka na fumbo hilo kiangazi kizima. Jibu alilipata dukani Malava akingoja soda, mtu mmoja akimwambia mwenzake, "Lori hawajaingia upande yetu tangu Krismasi. Wacha tu. Wiki hii utaona moshi." Mwalimu akaiacha soda kaunta, imefunguliwa.

Asiyelima miwa huenda asielewe, basi nieleze. Muwa ukikomaa unataka kukatwa. Ukiachwa shambani unakauka, unapungua uzito na utamu. Lakini hukati unavyotaka. Unangoja kiwanda kikupe zamu na kilete malori, na malori yanaweza kuchelewa miezi. Ila miwa ikiungua, haikai. Ndani ya siku chache imeharibika, kwa hiyo kiwanda hukimbilia iliyoungua kwanza. Mngojaji anaendelea kungoja, na aliyeunguliwa anapata lori. Basi mtu akichoka, anajichomea. Kiwanda kinajua na kinaishusha bei ya miwa yake. Chifu anajua na anaweza kumwita. Majirani wanajua zaidi ya wote, kwa sababu upepo ukigeuka ni miwa yao. Kwa hiyo hakuna anayekubali kuwa amewasha.

Kumbe moto wa Kabras ulikuwa ukifuata malori, wala haukufuata mawingu. Mwalimu akarudi akaandika kipande kidogo cha programu ambamo watu hawahesabiwi kwa vichwa tu. Wanahesabiwa pia kwa muda waliongoja. Akakitia kwenye modeli, akaiendesha, na nukta za kompyuta zikaanguka karibu na nukta za satelaiti. Nilikuwepo. Alipiga kelele hadi mhasibu wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kama kuna nyoka.

Lakini modeli si yetu. Ni ya watu wengi, na wenye funguo zake wako ng'ambo. Tulikutana nao kwenye kompyuta, nyuso zao katika vijisanduku, watu wapole kupita kiasi. Mmoja, kijana mwenye ndevu na sauti ya kubembeleza mtoto, akauliza kama kuna takwimu za kuchelewa kwa malori kwa dunia nzima. Mwalimu akasema hakuna. Kijana akauliza, basi modeli ya dunia itakitumiaje kipande hiki. Mwalimu, aliyekuwa akipita mbele ya kamera akienda na kurudi, akasimama. Akasema, "Takwimu za radi za dunia nzima mnazo, na radi haijachoma miwa ya Kabras hata siku moja. Yaani uongo ukiwa na takwimu mnaupenda." Niliizima kamera yetu haraka, nikasingizia umeme.

Hawakukasirika, na upole wao ulimuumiza kuliko hasira. Walikubali kipande kikae kwa majaribio. Kingebaki ikiwa tutaleta ushahidi kutoka mashambani: wenye miwa wenyewe, kwa sauti zao, wakisema waliwasha na kwa nini. Tusipoleta, kingekatwa, na mraba wetu ungerudia vichwa na radi. Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kuishi barabarani. Nukta ikitokea tu, tulipanda boda, yeye wake na mimi wangu, tukaifuata hadi shamba ambalo bado lilikuwa linafuka.

Na kila shamba lilitupa jibu lilelile.

"Moto ulianzaje, mzee?"

"Mwarimu, mimi sikukuwa. Nilikuwa matanga."

Wote walikuwa matangani. Kwa maneno yao, Kabras nzima ilikuwa ikizikana kila wiki. Mama mmoja, mjane mwenye heshima zake, alikuwa kwenye matanga ya dada yake, na dada huyohuyo akatuletea chai. Mzee mwingine alisahau kutuambia matanga ya nani, na alipoulizwa akamgeukia mkewe amsaidie jina. Mimi nilicheka njiani nikirudi. Mwalimu hakucheka. Alinikemea: "Wewe Mumias, unacheka nini? Huyo mtu amenitolea heshima. Angeweza kusema ni jirani. Angeweza kusema ni watoto ya shule. Amesema matanga ndiyo asimuumize mtu."

Aliniita Mumias kwa sababu nilitoka huko, na kwa sababu hakuwahi kushika jina langu vizuri mwaka wa kwanza, na baadaye aliona hakuna haja. Kila asubuhi alinisalimia "Salaam aleko" kwa lafudhi ya kwao, akiikatia njiani, na nikaacha kumsahihisha. Wakati wa Ramadhani alisahau kila mwaka. Alinisogezea kikombe cha chai, nikakitazama, akakitazama, akapiga kofi paji la uso wake na kuvinywa yeye vyote viwili, changu na chake. Idi ikifika alikuja kwetu Mumias na ingokho, kuku mzima, hai, amefungwa miguu, akamkabidhi baba yangu kwa heshima kubwa na kuomba radhi za mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Mimi hakuniomba radhi kamwe. Baba alimpenda mno, akawa ananiuliza kila simu, "Yule mama asiyekaa anaendeleaje?"

Mwalimu ndiye aliyenifundisha swali la pili. Alisema la kwanza ni la adabu tu, ni kama kubisha hodi. "Moto ulianzaje" mtu atalijibu na matanga. Usiandike. Mnywe chai, mseme mambo ya mvua, ya karo, kisha uulize lingine: lori lilikuja mara ya mwisho lini? Hapo mtu anafunguka. Wazee walihesabu miezi kwa vidole, wakataja ahadi, wakataja mtu wa kiwanda aliyepita akasema kesho. Mmoja alilia. Yote hayo wakayasema, ila lile moja tulilolihitaji, hapana. Tulikuwa na sauti nyingi za watu waliongoja na hatukuwa na sauti hata moja ya mtu aliyewasha.

Sasa niseme jambo ambalo wageni hawakuamini. Mwalimu aliogopa moto. Mtu aliyejua kukuambia mwali unakwenda kasi gani kwenye majani makavu yenye upepo wa wastani, hakuweza kuwasha kiberiti. Kijiti kikisikika tu kikikwaruza, mabega yalimpanda. Nyumbani jiko la makaa liliwashwa na jirani, na jirani akisafiri alikula mkate na maziwa. Siku moja tulimfanyia sherehe ndogo ofisini, tukaweka mshumaa kwenye keki. Tulipogeuka alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Sikuwahi kujua sababu. Yeye aliyetaka sababu ya kila mtu, yake hakuitoa. Niliwahi kumwuliza tukiwa kwenye shamba linalofuka, yeye akitembea katikati ya majivu ya moto na gambuti zake bila wasiwasi wowote. Akasema huo umeshaisha kazi, hauna neno. "Ule unaanza ndio sipendi."

Pahali alipotulia kidogo, kama kutulia kulikuwa kwake, ni Buyangu. Alitupeleka huko kila mwaka, upande wa kaskazini wa msitu, akatuingiza chini ya miti, akainama na kukamua majani yaliyooza hadi maji yakachuruzika kwenye kiganja. "Washa hii," alimwambia mwanafunzi mmoja mwenye maringo. Kisha alitutoa hadi kwenye uwazi wa nyasi katikati ya msitu, nyasi zimekauka hadi zinalia ukizikanyaga, na akatuonyesha mahali ambapo moto wa zamani ulikimbia uwazi wote, ukafika ukingoni mwa miti, ukafa wenyewe. Hatua chache tu. Huku unaungua, huku hauungui, na modeli inaviita vyote mraba mmoja. Alipenda sana ule ukingo. Alitembea juu yake kwenda na kurudi, mguu mmoja kwenye nyasi na mmoja kwenye kivuli, akizungumza, na askari wa msitu aliyekuwa nasi akaninong'oneza, "Huyu mama huwa anachokanga saa ngapi?"

Hakuwa mtu rahisi. Alirarua ripoti yangu mbele ya darasa kwa sababu niliandika kwamba chanzo cha moto ni "shughuli za kibinadamu". Alisema hayo ni maneno ya mtu aliyeogopa kuteremka kwenye boda. Alikata simu za watu kabla hawajaaga. Chai ya moto hakuweza kuingoja ipoe. Aliimwagia maji baridi ya bomba, na hiyo peke yake ingetosha kumnyima marafiki.

Na bado, mtu huyu asiyeweza kungoja chai, alijisifu kwa jambo moja: miwa yake ilikuwa haijawahi kuungua. Alikuwa na shamba huko Kabras, si kubwa, na miwa yake ilisubiri malori kama ya kila mtu, ikapauka, ikalala, na yeye akangoja. Alilitaja jambo hilo kuliko alivyotaja shahada zake. Mwaka mmoja miwa ya jirani yake, mzee mmoja wa makamo ambaye mashamba yao yamepakana kwenye mstari wa mikaratusi, iliungua, na ni upepo tu uliogeuka ukaiokoa ya Mwalimu. Alimfuata mbele ya watu, nje ya kanisa, watu wakiwa wanasalimiana. Nilikuwa nimekuja kumchukua kwa kazi, nikasikia kwa masikio yangu. "Ungengoja! Mimi si nangojanga? Miwa yangu si mnaionanga imesimama pale?" Mzee yule aliinamisha kichwa na kusema pole, Mwarimu, mimi nilikuwa matanga. Watu wakatazama viatu vyao. Njiani nilimwuliza imekuwaje, mashambani anawaheshimu watu wa matanga na kwake anawafokea. Hakunijibu hadi tulipofika mjini, na hata hapo alinijibu habari ya betri ya kompyuta.

Kisha akastaafu. Kiti chake kikaondolewa vitu, na kwa mara ya kwanza nikaiona rangi yake. Alihamia Kabras kwenye miwa yake. Kazi ya modeli akaniachia mimi, na kila juma alinitumia ujumbe mmoja wa maneno matatu: "Kipande bado haijakatwa?" Nikamjibu bado. Lakini kiangazi hiki wenzetu wa ng'ambo waliniandikia, kwa upole wao uleule, kwamba wanafunga toleo jipya la modeli. Mvua za masika zikianza na sauti ya mwenye shamba haipo, kipande cha kungoja kitaondolewa. Nilimpelekea Mwalimu habari hiyo jinsi ilivyokuja. Hakujibu. Wiki iliyofuata hakuuliza kitu, wala iliyofuata, na nikaanza kukosa raha. Nilijikuta nazunguka meza.

Asubuhi moja ya Februari nilifungua ramani na nukta ilikuwepo. Niliitazama, nikaisogeza karibu, nikaitazama tena. Barabara ile, kanisa lile, mpaka ule wa mikaratusi. Nilishuka ngazi bila kufunga ofisi.

Shamba lilikuwa jeusi. Miwa iliyoungua husimama, majani yamekwenda na mashina yamebaki, na harufu yake ni ya sukari iliyosahauliwa jikoni. Mwalimu alikuwa akitembea pembeni mwa shamba, kwenda na kurudi, amevaa leso kichwani na gambuti zilezile. Aliniona, hakusimama.

"Salaam aleko, Mumias."

"Alaykum salaam, Mwalimu. Mulembe."

"Mulembe muno. Umekuja na boda? Umekunywa chai?"

Nikatembea naye. Tulifika mwisho wa shamba, tukageuka. Nilitamani kuuliza chochote kingine duniani, lakini kazi ni kazi, na ni yeye aliyenifunza.

"Moto ulianzaje, Mwalimu?"

Akatazama mbele. "Mimi sikukuwa," akasema. "Nilikuwa matanga."

Sikucheka. Niapishwe, sikucheka. Nikatazama majivu kwenye viatu vyangu. Na hapo hapo, kwenye kinjia cha mpakani, akapita yule mzee jirani, panga mkononi, akienda zake. Alisimama akavua kofia.

"Pole na matanga, Mwarimu," akasema. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Sikuweza kujua kama anamhurumia au anamlipa, na nadhani hata yeye hakutaka tujue. Akavaa kofia akaenda.

Mwalimu akakaa. Palikuwa na mtungi wa plastiki wa maji umelala pale ukingoni, akaukalia, magoti juu, mikono katikati. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona kutoka juu. Nywele zake utosini zilikuwa zimepungua, na nilikuwa sijui.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikauliza swali la pili. "Lori lilikuja mara ya mwisho lini?"

Alihesabu kwa vidole kama wazee wote. Alitaja ahadi. Alitaja mtu wa kiwanda aliyesema kesho. Alisema alikuwa akitoka kila asubuhi kuitazama miwa, inakauka mbele ya macho yake, yeye anazunguka, na barabara haina hata vumbi. Alisema wenye miwa iliyoungua upande ule walivuniwa, na yeye alisikia malori usiku yakipita mbali, hayakati kona.

"Nani aliwasha, Mwalimu?"

"Nani ataniwashia?" akasema kwa hasira, kisha sauti ikamshuka. "Jirani nilimfokea. Kibarua ningemwomba angesema. Niliwasha mimi. Njiti zilikuwa zinakatika, zingine zinazima, mkono huu hautulii. Nimemaliza kiberiti, Mumias. Kiberiti mzima. Ile ya mwisho ndio ilishika."

Nilimwuliza kwa woga kama alifanya hivyo kwa ajili yetu, kwa ajili ya kipande.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Wewe umerukwa? Nichome jasho yangu juu ya kompyuta? Nilichoka! Watu wanachokanga!" Akapangusa mdomo kwa ncha ya leso. "Lakini imeshaungua. Toa simu."

Nilimwambia afikirie. Nilimwambia sauti hiyo itasikilizwa na watu, na Kabras si mbali na mtu yeyote: kiwanda, chifu, watu wa nje ya kanisa waliomsikia siku ile. Atakuwa yule mama aliyewafokea wenzake. Akasema hiyo anaijua kuliko mimi. Akasema wale wazee wote walimpa chai, na yeye aliwataka wavuliwe nguo mbele ya dunia, na yeye mwenyewe alipoulizwa mara moja tu, na mtu anayempenda, alikimbilia matanga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Toa simu kabla sijasimama."

Nikaiwasha, nikaishika kati yetu. Alianza kama anafundisha, akitaja miraba na unyevu, nikamtikisia kichwa. Akaanza upya. Alisema miwa ni yake. Alisema aliwasha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu alingoja mpaka kungoja kukamwisha. Alikuwa katikati ya sentensi hiyo niliposikia injini. Lori lilikata kona pale kanisani, likaja kwenye barabara ya murram na vumbi nyuma yake, tupu, likigongagonga minyororo, likaingia shambani kwake. Lilikuwa halijaja tangu miwa ilipokomaa. Moto ulikuwa wa jana. Mwalimu aliligeukia, akalitazama, na akaendelea kukaa. Alimaliza sentensi yake akipaza sauti ili asikike.

Niliipeleka rekodi siku hiyohiyo. Kipande hakijakatwa, wamesema sauti moja si nyingi, lakini ni mwanzo, na tangu hapo yule mzee jirani amenipigia simu akitaka kujua nitapita lini, ana jambo. Kijana mwenye ndevu ameniandikia pia. Anashukuru sana, anasema mama anaeleweka vizuri, ila mwishoni kuna kelele kubwa ya gari inayomfunika, na ananiomba, kama inawezekana, niiondoe. Nimekataa.